Somo la Mwezi: Mariamu Magdalene na Filamu za Zamani

Someni: Luka 8:1-3, Yohana 20:1-18

Wengi wetu tumewahi kukaa uwanjani usiku tukitazama Filamu ya Yesu, iliyotolewa mwaka 1979. Kabla yake zilikuwapo nyingine zisizo na sauti. Maneno yaliandikwa kwenye picha, watu wakasoma. Leo tuzipime mbili, Biblia ikiwa mkononi.

Ya kwanza ilitengenezwa na Sidney Olcott mwaka 1912, huko huko Palestina na Misri. Inaanzia horini na kuishia msalabani. Kaburi tupu halionekani.

Ya pili, The King of Kings, ni ya Cecil B. DeMille, mwaka 1927, mwaka ule ule dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilipoanza. Hii inafika hata ufufuo. Lakini inafunguliwa kwa karamu: Mariamu Magdalene ni kahaba tajiri, mpenzi wa Yuda Iskariote, naye anakwenda kumtafuta Yuda kwa gari linalokokotwa na punda milia! Sisi tunaomjua mnyama huyo twaweza kucheka. Ila kumwita mama huyu kahaba si jambo la kuchekesha.

Luka asemaje? Kwamba alitokwa na pepo saba, kisha yeye na wanawake wengine wakamhudumia Bwana kwa mali zao. Ukahaba hautajwi, wala mapenzi na Yuda. Naye Yohana aeleza kwamba Bwana aliyefufuka alimtokea Mariamu, akamtuma kwa wanafunzi. Basi filamu moja ilimpa sifa isiyo yake. Nyingine ilikoma kabla hajatoa ushuhuda wake.

Hatusemi filamu ni mbaya. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Usambara, zilitengenezwa filamu za mafundisho kwa msaada wa Baraza la Kimataifa la Misioni. Picha zilikuwa bubu, kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yalitoka kwenye santuri. Picha huhitaji neno, na neno hilo ndilo la kuchunguzwa.

Hata mitaani mwetu wapo akina mama waliopewa sifa mbaya kwa uvumi tu, na hakuna aliyewauliza wenyewe.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni mambo gani tunayoyaamini juu ya Mariamu Magdalene ambayo hayakuandikwa?
2. Yuko nani kati yetu tuliyemhukumu kwa kusikia? Tutamrudishiaje heshima yake?