Mali ya Mtoto Mdogo

Ndugu wasomaji, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni petu, napenda kuwaeleza kazi ya wasii, yaani msimamizi wa mirathi. Wengi wetu tutaitwa siku moja kuifanya. Mimi niliiona nyumbani kwetu, hapa Uganda.

Baba yangu mdogo alipofariki, mkewe alikuwa amekwisha kumtangulia. Alimwacha binti wa miaka minne, shamba la kahawa, ng'ombe watatu na fedha kidogo benki. Katika wosia alimtaja baba yangu kuwa wasii.

Kwanza, baba aliupeleka wosia mahakamani, akapewa hati ya kuuthibitisha. Tangu siku ya hati hiyo, sheria humpa wasii miezi 6 alete orodha ya mali yote na madeni, na mwaka 1 alete hesabu. Mimi nilikuwa karani wake. Niliandika kila kitu, hata majembe mawili na baiskeli isiyo na mnyororo.

Pili, gharama za maziko na madeni ya marehemu hulipwa kwanza. Yanayobaki ni ya mtoto.

Tatu, fedha za mtoto hazichanganywi na za wasii. Chakula chake, nguo, dawa na ada hutolewa humo, na kila stakabadhi huwekwa.

Nne, wasii asijiuzie mali ya marehemu, wala asimtume rafiki amnunulie. Mwenye haki katika mali hiyo aweza kwenda mahakamani, na mauzo yakatanguliwa.

Na wale wanaokufa bila wosia? Sheria ya Mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Katika kila sehemu 100, watoto hupata 75, mjane 20, jamaa waliomtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila 1 tu.

Basi, mwaka uliofuata kahawa yetu wenyewe haikuzaa, ada yangu ikakosekana. Shangazi akamwambia baba, "Kaka, mtoto huyu hajui kitu. Kopa kidogo kwake, utarudisha."

Baba akajibu, "Dada, kwa kuwa hajui, sina wa kumwomba ruhusa."

Nikakaa nyumbani muhula mzima. Nilikasirika sana, maana daftari nililiandika mimi, na jumla yake niliijua. Kila jioni nilikuwa nikiiona ada yangu pale, na haikuwa yangu.

Sasa binti huyo ana miaka saba, yuko darasa la pili. Likizo iliyopita alinikuta nikijumlisha, akaniuliza, "Kaka, daftari hilo la nani?"

Nikamjibu, "Lako." Akalifungua, akaanza kusoma tarakimu moja moja kwa kidole.

Siku hiyo hasira yangu ikaisha. Ndugu zangu, mkiitwa kuwa wasii, andikeni kila senti. Mtoto atakua, naye atajua kusoma.