Kinachotokea Ndani ya Betri

Betri haihifadhi umeme. Inahifadhi kemikali, na kemikali hizo ndizo hutoa umeme pale tu zinapopewa njia.

Ndani ya kila betri, iwe ya saa au ya lori, mna pande mbili za kemikali tofauti, na kati yao kuna kimiminika au uji. Upande hasi huachia elektroni. Uji haupitishi elektroni, hupitisha ayoni (chembe zenye chaji) peke yake, hivyo elektroni hulazimika kuzunguka kwa waya hadi upande chanya, na katika kuzunguka huko ndipo taa inawaka. Ukizima swichi, njia imekatika. Mwitaliano Alessandro Volta alilionyesha jambo hili mwaka 1800 kwa visahani vya zinki na shaba, katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Tangu hapo kanuni ni ile ile, kemikali ndizo zimebadilika.

Betri za tochi na redio

Katika betri ya bei nafuu, kopo lenyewe la zinki ndilo upande hasi. Katikati kuna kijiti cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa dayoksidi ya manganizi. Kila ukiwasha tochi, zinki inaliwa, na betri iliyosahaulika ndani ya redio huvuja kwa sababu kopo limetoboka. Wengi wetu huanika juani betri zilizochoka. Joto huzichangamsha kidogo kemikali zilizobaki, redio ikaongea dakika chache, lakini zinki iliyoliwa hairudi. Betri za alkali nazo ni za volti 1.5, ila zinki yake ni ya unga na uji wake ni wa hidroksidi ya potasiamu, kwa hiyo hudumu zaidi. Aina zote mbili hazichajiwi.

Betri za gari na za sola

Hizi zinahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ni ghali na nyingi hufa kabla ya wakati. Mfaransa Gaston Planté alizibuni mwaka 1859: pleti ya risasi na pleti ya dayoksidi ya risasi, zote zimezama katika asidi ya salfuriki. Betri ikitumika, pleti zote mbili hugeuka salfeti ya risasi na asidi huzidi kuwa maji. Ukichaji, kazi hiyo hurudi nyuma. Kila chumba hutoa volti 2 hivi, na vyumba sita hufanya 12.

Fundi mzuri huvuta asidi kidogo kwa haidromita, kipima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, na kutazama kielea ndani ya kioo. Kikisimama karibu na 1.27, betri imejaa. Kikizama hadi 1.12 hivi, imekwisha. Kwa mita ya volti, betri iliyopumzika saa kadhaa husoma 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa, na 12.2 ikiwa nusu.

Isishushwe chini ya hapo. Salfeti inayokaa siku nyingi bila kuchajiwa huganda kuwa fuwele ngumu, na pleti haziponi tena. Wanaoruka kidhibiti chaji, kifaa kinachokata umeme betri ikishuka mno, ili wapate saa moja zaidi ya televisheni wanaiua betri yao wenyewe. Betri ya gari nayo ina pleti nyembamba, zinazofaa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja. Kwa sola nunua yenye pleti nene.

Kuchaji hupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwa hiyo kinachopungua ni maji, asidi imebaki: betri yenye vifuniko iongezewe maji yaliyotoneshwa, kamwe si asidi wala maji ya kisima, ambayo yana chumvi. Haidrojeni hulipuka. Usichungulie ndani kwa mshumaa au kibatari, na chumba cha betri kiwe na dirisha wazi.

Betri za simu

Hapa ayoni za lithiamu huhama kutoka grafiti kwenda kwenye oksidi yenye kobalti, na kurudi wakati wa kuchaji. Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, katika maeneo kama Kolwezi. Uji wake unashika moto. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa.

Betri ikifa

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na mwanawe akaathirika, aliongoza madai yao na kupata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliamua fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024. Risasi hukaa mifupani na kudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayatibiki.

Kwa hiyo tunakuomba: usimwage asidi ili betri iwe nyepesi kubeba, usiipasue uani, na usiyeyushe risasi yake jikoni kutengeneza chubwi za nyavu. Iuze ikiwa nzima, na asidi yake ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali.