Punda wa Jirani

Soma: Hesabu 22:21-33 na Luka 13:10-17

Wiki hii naanza kwa kuungama kidogo, halafu tuingie kwa Neno.

Tulipohamia ploti tunayokaa hapa Machakos mjini, hakuna aliyetuambia habari ya punda. Usiku wa kwanza, saa kumi na robo alfajiri, nilisikia kitu kama geti lenye kutu linavutwa na mtu mwenye pumu. Nikaruka kitandani. Mke wangu akacheka: "Baba, huyo ni punda. Kwani wewe si Mkamba?" Kisha majogoo wakadakia, na mbuzi wa nyumba ya tatu.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikiona tatizo naandika barua. Nilimwandikia mwenye ploti malalamiko, nikazunguka kwa majirani nikitafuta sahihi. Watu tisa waliweka. Sababu niliyotoa ilikuwa ya kiroho sana: eti punda anavuruga maombi yangu ya alfajiri.

Barua haijafika, mifereji ikakauka. Si mnaujua mji wetu na mambo ya maji. Siku ya tatu nyumba haikuwa na tone, na mtoto wetu alikuwa na wiki mbili. Alfajiri punda akalia, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikatoka mbio na mitungi.

Mzee alikuwa anafunga mizigo: mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 mgongoni mwa mnyama. Nikamuuliza kwa nini punda analia saa hiyo. "Pasta, yeye akinisikia nafungua mlango, ananisalimia. Akinyamaza ndio naogopa."

Kumbe punda wake wa kwanza aliibwa usiku, ile miaka ya vichinjio vya punda. Kenya ilikuwa na vinne, kimoja hapa kaunti yetu, na ngozi zilipelekwa China kutengenezwa dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mambo yakaenda kortini, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakataza biashara ya ngozi. Mzee hakuwa na hesabu hizo. Yeye alinionyesha tu kigingi ambapo alikuta kamba imekatwa.

Nilirudi nyumbani nikasoma habari za Balaamu. Huyu alikuwa mtu wa maono, wakubwa walikuwa wanamngoja, lakini malaika alionwa na punda wake. Alimpiga mara tatu. Na ukimsikiliza vizuri, malalamiko yake ni kwamba punda amemwaibisha. Angekuwa na upanga angemuua. Mimi sikuwa na upanga, nilikuwa na sahihi tisa.

Kuchana barua kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kurudi kwa wale tisa, mlango kwa mlango. Mama mmoja aliniangalia juu mpaka chini: "Pasta, sasa tumsikilize yupi, wewe wa juzi ama wewe wa leo?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia wa juzi anaomba msamaha. Kwa mzee nilienda mwisho, kwa sababu ndiko nilikoogopa zaidi. Alikuwa anajua habari ya barua tangu mwanzo, na bado alikuwa ametuletea maji.

Siku hizi naamka kabla ya saa kumi na robo, nangoja. Wiki jana alichelewa nusu saa, na alipolia nilikuwa tayari nimevaa viatu, niko mlangoni.

Katika Luka 13 Yesu anawakumbusha wakuu wa sinagogi kwamba hata siku ya Sabato wao humfungua punda wakampeleka kunywa maji. Kwa hivyo Jumapili hii ukiona karai la maji kando ya geti la kanisa, tafadhali usilimwage.