Kidole Kimoja Kwenye Ugoko



Wiki hii nimepata ujumbe wa msichana wa Arusha anayejiandaa kwenda kukimbia mbio za Comrades kule Afrika Kusini. Amejifua miezi sita, ada amelipa, nauli amechangiwa na ndugu. Zimebaki wiki saba, na kuna mahali kwenye ugoko wake wa kushoto, upana wa ncha ya kidole, panauma akikimbia. Siku hizi panauma hata akiwa amelala. Anauliza: "Dada, nijikaze tu nimalize, au nikachomwe sindano?"

Mdogo wangu, usijikaze na usichomwe. Keti nikueleze.

Mimi nilikuwa na doa kama hilo hilo, nami nikijiandaa kwa Comrades. Nilikuwa naishi Moshi, alfajiri napandisha barabara ya Kibosho kati ya migomba, nashuka jua limeshachomoza. Maumivu yalianza kidogo tu, nikifika kilomita ya tatu au ya nne yanapotea. Baadaye yakaacha kupotea. Nikaenda zahanati moja, nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, hiyo ni misuli, endelea na mazoezi. Nilifurahi mno. Hakuna aliyeniambia kwamba ufa unaotokana na mfupa kuchoka mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo. Kipimo kinachouona mapema ni MRI. Wiki mbili baadaye, nikiwa kwenye mazoezi ya kilomita 50, nilifika kilomita ya 38 nikasikia kitu kimeachia ndani ya mguu. Nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, nikaweka kidole pale pale, nikalia. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda, nimeushika mguu kwa mikono miwili kila tulipopita kwenye tuta.

Nikitazama nyuma naona nilivunjwa na sifa niliyokuwa najivunia. Sisi tumelelewa tuvumilie. Mtoto akianguka anaambiwa nyamaza, jikaze, hujaumia. Halafu ukiingia kwenye mbio ndefu kupita marathoni unakuta ndicho kinachotakiwa: kilomita ya 60 kila kiungo kinakuomba usimame na wewe unakataa, na watu wanakupigia makofi kwa kukataa huko. Ukifanya hivyo miaka mitatu minne, masikio yako ya ndani yanaziba. Mwili unaanza kusema jambo la kweli na wewe unalichukulia kama kelele zile zile za siku zote. Ndiyo maana hukwenda hospitali wiki ya kwanza, mdogo wangu. Sikulaumu hata kidogo, nakujua.

Comrades yenyewe imezaliwa na habari za kuvumilia, na asili yake imepita kwenye ardhi yetu. Vic Clapham, aliyeianzisha, alikuwa askari wa Afrika Kusini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na vita hivyo alipigana huku kwetu. Alitembea kama kilomita 2,700 ndani ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, jeshi lao likimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Aliporudi kwao akataka wenzake walioteseka na kufa wakumbukwe kwa mbio za karibu kilomita 90 kati ya Pietermaritzburg na Durban. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Mimi huwafikiria sana wale 18 wengine. Hao nao wamo kwenye historia ya Comrades, na mwaka uliofuata mbio zilikuwepo tena.

Kama unataka mtu wa wakati wetu, mtazame Courtney Dauwalter wa Marekani. Juni 2019 alikuwa anaongoza wanawake kwenye Western States, maili 100 za milima ya California, akiwa ndiye bingwa wa mwaka uliotangulia. Nyonga ikamkataa. Alikuwa ameshapita maili 75, zimebaki kama 20 hivi, akajitoa. Agosti mwaka huo huo alishinda UTMB, mbio za karibu kilomita 170 zinazozunguka Mont Blanc. Na 2023 alirudi Western States akaimaliza kwa saa 15 na dakika 29, rekodi ya wanawake. Siku ile ya 2019 angeweza kujikongoja hadi mwisho. Sidhani kama Agosti ingekuwa yake.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, kwa sababu wengi mnachanganya. Maumivu ya mfupa na maumivu ya kano hayatendewi sawa.

Mfupa unauma mahali pamoja. Ukibonyeza kwa kidole kimoja unashtuka. Kadiri unavyokimbia unazidi, na ukifikia hatua ya kuuma usiku, hapo unakuomba kwa sauti. Mfupa haupatani na "maumivu kidogo". Kwa ufa wa ugoko, kipimo ni sifuri: kama hatua inauma, hatua hiyo haipigwi, na unatembelea magongo hadi kutembea kusiume. Mara nyingi ni wiki sita hadi nane kabla ya kufikiria kukimbia, na zipo nyufa zinazotaka zaidi. Na wewe mwingine unayesoma, kama maumivu yako yako ndani ya kinena na yanakuja ukikanyaga, usisubiri hata kesho. Shingo ya mfupa wa paja ikipata ufa na ukaendelea kuikimbilia, inaweza kukatika kabisa, na hapo ni upasuaji.

Kano ni habari nyingine. Inauma asubuhi ukitoka kitandani, ikipata joto inalegea, kesho yake inalipiza. Ukiipumzisha miezi miwili bila kufanya chochote inadhoofika, na siku ukirudi inauma vile vile. Kano inataka kazi iliyopimwa. Daktari mmoja wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson, alikuwa mkimbiaji mwenye kano ya kisigino iliyomsumbua. Inasimuliwa kwamba aliomba afanyiwe upasuaji, mkuu wake akakataa, basi akaamua kuitesa kano ile izidi kuharibika ili wakubali. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino chini polepole, siku baada ya siku. Ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha mpango wao: kushusha kisigino mara 15, awamu tatu goti likiwa limenyooka na awamu tatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku. Niliwahi kuufuata kwa mguu wangu wa kulia, kwenye ngazi za nyumba ya shangazi, na kufikia wiki ya tano watoto wake walikuwa wananihesabia. Unafanya kwa maumivu ya kadiri, na unatazama asubuhi inayofuata: kama kano imetulia, uko sawa, kama imekasirika, punguza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nipumzike muda gani", jua kwanza kinachouma ni nini. Usimpe mtu mguu auchue kwa nguvu au auvute kabla hujajua. Mkono wa mkandaji mzuri ni neema kwenye kigimbi kilichokaza, lakini juu ya mfupa wenye ufa unakuumiza bure.

Nirudi kwenye sindano. Anayekuahidi kukuchoma ili ukakimbie ana uwezo wa kunyamazisha maumivu, ufa utaendelea kuwa ufa, na kilomita 90 zitaumaliza mfupa wenyewe. Tena sindano nyingi za aina hiyo zina steroidi za kutuliza uvimbe, na tangu 2022 kanuni za kimataifa za kupambana na dawa michezoni zinapiga marufuku kuzichoma kipindi cha mashindano, popote zinapochomwa mwilini. Dawa hiyo hukaa mwilini siku nyingi. Unaweza kuumia na kufungiwa kwa pamoja. Vidonge navyo msivichezee. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuata wakimbiaji wa kilomita 80 jangwani: kati ya waliopewa ibuprofeni, zaidi ya nusu figo zao zilionyesha dalili za kuumia; kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa kama theluthi moja. Diklofenaki iko kwenye familia hiyo hiyo. Na mtu yeyote akimaliza mbio ndefu akakojoa mkojo wa rangi ya soda nyeusi, apelekwe hospitali usiku ule ule. Misuli imevunjika, na mabaki yake yanaziba figo.

Kuna swali hukuniuliza, nitakuuliza mimi kama dada. Hedhi yako inakuja?

Usione haya. Yangu ilikata miezi minne kabla ya mguu kuvunjika, na nilishukuru, nikaona nimepunguziwa usumbufu wa kusafiri na pedi kwenye mbio. Kocha wangu wa wakati huo alisema ni dalili kwamba nimefikia kiwango. Ilikuwa dalili kwamba silishi mwili. Mkimbiaji anayetumia nguvu nyingi kuliko anazokula, mwili unaanza kufunga ofisi moja moja: homoni za uzazi zinapungua, na bila homoni hizo mfupa haujengeki vizuri. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, na wanaume nao inawapata, ingawa wao hawana kalenda ya kuwashtua. Kwa hiyo ufa wa ugoko mara nyingi umeanzia jikoni. Kipindi cha kupona watu wanapunguza chakula wakiogopa kunenepa. Usithubutu. Mfupa unajengwa kwa chakula. Kula uji wa ulezi na maziwa asubuhi, dagaa wazima na mifupa yao, mayai, maharage, parachichi, ugali wa kushiba. Na kama hedhi imepotea miezi mitatu, mwambie daktari siku hiyo hiyo ya mguu.

Najua kinachokukaba zaidi ni nauli ya ndugu. Hilo kwenye vitabu vya madaktari halipo, lakini kwetu ndilo linalowasukuma watu kwenye barabara na mguu uliopasuka. Mjomba ametoa, mama mkubwa ametoa, kikundi cha kanisani kimetoa, unajiona utarudi kwa uso gani. Mdogo wangu, nenda kwa mjomba mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Nenda na picha ya MRI, mwonyeshe ule mstari. Mwambie, "Mjomba, daktari amesema nikikimbia nitavunjika." Mimi nilipomwendea baba mdogo aliyekuwa amenichangia zaidi ya wote, nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Aliutazama mguu, akanyamaza, halafu akauliza kama hela ya vipimo ninayo. Waandikie pia waandaaji mapema, uulize utaratibu wao kwa aliyeumia, na ulizia tiketi kama inaahirishika. Mambo haya wiki saba kabla yanazungumzika. Siku mbili kabla hayazungumziki.

Moyo utauma. Siku ya Comrades niliitazama kwenye simu, mguu juu ya stuli. Wapo wanaomaliza kwa saa tano na dakika kadhaa, lakini mimi nilisubiri saa ya 12. Muda ukiisha, mtu mmoja husimama kwenye mstari, anawapa mgongo wakimbiaji asione nani anakuja, na anapiga bunduki. Baada ya mlio huo hakuna anayeingia. Nilimwona mwanamume aliyekuwa hatua chache kutoka mstari, amepiga magoti. Nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na sikujizuia. Nawe usijizuie.

Lakini usijifungie ndani. Nilijitoa kwenye kundi la mbio la WhatsApp kwa hasira, nikakaa wiki tatu bila mtu, nikawa mkali hata kwa mama. Aliyenitoa ni mwenzangu mmoja aliyekuja na dumu la lita 20 na vikombe, akasema Jumamosi tunahitaji mtu wa maji njia panda. Nikakaa pale kwenye kigoda, magongo yameegemea mgomba, nawapa maji wakipita. Kumbe nilikuwa sijawahi kuziona nyuso zao wakiwa wamechoka. Siku zote nilikuwa nimechoka pamoja nao. Baadaye daktari akiruhusu, baiskeli na kukimbia ndani ya maji marefu bila kugusa chini vitakulinda pumzi.

Kurudi kwenyewe ni hivi. Kwanza utembee nusu saa kwa mwendo wa haraka, siku kadhaa mfululizo, bila maumivu wakati huo, usiku wala kesho yake. Ndipo unakimbia dakika moja, unatembea nne, mara tano, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mimi siku hiyo nilivaa raba zangu nikaenda uwanjani, mahali pa tambarare. Dakika moja ya kwanza niliikimbia nikiwa nimeshika saa mkononi, naogopa kuipitisha hata kwa sekunde. Nyumbani nilikaa kitandani, nikaweka kidole pale pale, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi.

Jumatatu asubuhi nenda hospitali kubwa, kwa daktari wa mifupa. Mwambie: nimekuwa nikiongeza kilomita kwa miezi sita, panauma mahali pamoja, panauma usiku, na hedhi yangu iko hivi. Akisema eksirei inatosha, muulize kwa heshima kuhusu MRI. Hadi hapo usikimbie hata kuwahi daladala. Majibu yakitoka niandikie, na uniambie mjomba amesemaje.

Dada yako