Koti la Sufu Likichafuka: Lifue Mwenyewe, Lisirudi

Kipupwe kinaisha, ukosi wa koti lako la sufu umeingia jasho na mabega yamejaa vumbi. Unageuza lebo, inasema "Dry clean only". Kama unaishi Njombe, Makete au Limuru, drai klina huenda yuko mbali. Na koti lenyewe ulilichagua mitumbani kwa bei ndogo kuliko ya kulisafishia. Usikate tamaa. Makoti mengi ya sufu huvumilia maji. Yasichovumilia ni joto, msuguano na pupa.

Soma lebo yote. Angalia alama, si maneno tu. Beseni lenye mkono ndani: fua kwa mkono bila wasiwasi. Duara lenye herufi W: fundi mwenye mashine maalumu anaweza kulisafisha kwa maji. Beseni lililokatwa kwa mistari miwili: mtengenezaji hataki maji, na ukifua, hasara ni yako. Koti ambalo moyo utakuuma likiharibika, usilifanyie majaribio.

Pekua ndani. Koti lisilo na bitana, au lenye bitana ya poliesta, lina nafasi nzuri. Lenye pedi nene mabegani, kifua kilichokakamaa, vipande vya ngozi au bitana ya viskosi, mpelekee drai klina. Viskosi hurudi. Kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi hubanduka, na kifua hubaki na vimbevimbe ambavyo pasi haiviondoi.

Jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji yenye sabuni, kikandamize kwenye mshono wa ndani kwa dakika chache. Kikitoka na rangi, koti linachuja. Liache.

Jiulize kama kweli linahitaji kufuliwa. Harufu ya moshi au ya kabati huondoka koti likitundikwa kivulini penye upepo siku nzima. Vumbi huondolewa na brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Tope liache likauke, kisha lipanguse. Mafuta yanyunyizie poda, yaache usiku kucha, asubuhi upige brashi. Chai ikimwagika, ifyonze kwa kitambaa chenye maji baridi. Usisugue.

Bado ni chafu? Haya, tufue.

Pima kwanza. Chukua futi ya fundi cherehani, upime urefu wa mikono, mgongo na upana wa kifua. Andika. Vipimo hivi utavihitaji wakati wa kuanika.

Chagua sabuni ya upole. Kama huna sabuni maalumu ya sufu, tumia shampuu ya mtoto, vijiko viwili kwenye beseni kubwa. Sabuni ya mche ni kali mno. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vinavyokula protini, na sufu ni protini. Jiki usiisogeze kabisa: huyeyusha sufu.

Tumia maji ya vuguvugu, kama nyuzi 30. Koroga sabuni iyeyuke kabla ya kuweka koti. Funga vifungo, geuza ndani nje, lizamishe. Likandamize taratibu kwa viganja, liache dakika 10. Usifikiche, usipige, usitumie brashi. Nyuzi za sufu zina magamba madogo. Joto na msuguano huyafanya yang'ang'aniane, koti likarudi na kuwa gumu. Likisharudi hivyo, ni vigumu sana kulirejesha.

Suuza kwa maji ya joto lilelile. Usihame ghafla kutoka vuguvugu kwenda baridi kali. Rudia mpaka povu liishe. Kwenye maji ya mwisho tia kijiko cha siki nyeupe ili kupunguza ukali wa sabuni iliyobaki.

Usikamue. Mwaga maji kwanza, likandamize kwenye beseni, kisha liinue kwa mikono miwili kutokea chini. Ukilishika mabegani, uzito wa maji utalivuta. Litandaze juu ya taulo kubwa, viringisha vyote pamoja, kandamiza. Badilisha taulo, rudia.

Anika likiwa limelala. Tandika wavu au taulo kavu kivulini penye upepo. Jua kali hupausha rangi. Toa vipimo vyako, nyoosha mikono na mgongo taratibu mpaka vilingane. Geuza asubuhi na jioni. Litachukua siku mbili au tatu, kwa hiyo usifue siku za mvua.

Piga pasi kabla halijakauka kabisa. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya koti, pasi ya joto la wastani. Kandamiza, inua, sogea. Usiburute.

Hifadhi likiwa safi na kavu. Mabuu ya nondo hupenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula. Tumia hanga pana. Koti jipya la mtumba lifunge kwenye mfuko wa plastiki, uliweke kwenye friza wiki mbili kabla halijakutana na nguo zako nyingine.

Kufua mara moja mwishoni mwa msimu kunatosha. Siku nyingine zote, brashi na upepo vifanye kazi.