Kusikilizwa ni Sehemu ya Dawa



Hapa Kindu wengi wetu tumekwenda kwa daktari tukasema: "Kichwa kinaniuma, silali." Dawa tunapewa, lakini usingizi haurudi. Daktari mwenye hekima huongeza swali: "Ulitoka wapi, na ulipitia nini mpaka kufika hapa?"

Iko njia inayofundishwa ya kusikiliza hivyo. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walisikilizwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: wengi walipata nafuu.

Mtu hutandaza kamba chini. Hiyo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka jiwe palipo na uchungu, na ua palipo na furaha. Kisha husimulia kwa utaratibu, kwa siku kadhaa. Msikilizaji huandika, na mwishoni humsomea habari yake yote. Hivyo jambo la vita hupata mahali pake na mwaka wake. Linabaki nyuma, halimshtui tena kama la leo.

Kazi hiyo inahitaji mafunzo. Lakini sisi sote tunaweza mambo matatu: tusimlazimishe mtu kusema, tusimuulize mbele ya watu, tusitoe siri yake nje.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni nani aliyetusikiliza bila kutukatiza?
2. Katika kamba yetu, tumekumbuka kuweka maua pia?