Nani Hupima Dozi Yako ya Mionzi?

Mgonjwa wa saratani aliyepangiwa tiba ya mionzi hukutana na daktari, muuguzi na mteknolojia anayeendesha mashine. Mwanafizikia tiba huenda asimwone hata siku moja. Huyu ndiye anayehakikisha kwamba dozi aliyoandika daktari ndiyo inayofika kwenye uvimbe, haizidi wala haipungui. Ukiielewa kazi yake, utajua kwa nini unasubirishwa, kwa nini unapimwa damu na kwa nini unasisitiziwa usikose siku.

Dozi huandikwa kwa grei, kwa kifupi Gy, jina la Mwingereza Louis Harold Gray (1905–1965). Alisomea fizikia Cambridge, kisha mwaka 1933 akaajiriwa Hospitali ya Mount Vernon, nje kidogo ya London. Tatizo lililomkabili lilikuwa hili: mionzi haionekani, na huwezi kumpasua mgonjwa ili ujue imemwingia kiasi gani. Mwaka 1936 alieleza jinsi uwazi mdogo wenye hewa unavyoweza kutumika kukokotoa nishati inayofyonzwa na kitu kilichouzunguka. Hadi leo kipimo kidogo cha aina hiyo huzamishwa kwenye tangi la maji chini ya mashine, kwa kuwa mwili wetu hupokea mionzi karibu sawa na maji. Tangu 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma vipimo hospitalini kwa posta. Hospitali huvipiga mionzi na kuvirudisha, na tofauti ikizidi asilimia 5, sababu hutafutwa.

Gray hakuishia kwenye mashine. Mwaka 1953 yeye na wenzake walionyesha kwamba seli zilizokosa oksijeni huhimili mionzi zaidi kuliko zenye oksijeni ya kutosha, na tofauti hiyo inaweza kukaribia mara tatu. Hapa ndipo damu yako inapoingia. Upungufu wa damu, ambao huwapata sana wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ya kutokwa damu, huambatana na matokeo mabaya zaidi ya tiba. Ukiambiwa damu imeshuka, fuata matibabu yake mapema. Na kama unavuta sigara, acha sasa, maana moshi wake hupunguza oksijeni inayobebwa na damu.

Kabla ya kuanza, utapigwa picha za CT ukiwa umelala mkao uleule utakaotibiwa nao, kisha utawekewa alama kwenye ngozi. Usizisugue wala usijichoree upya zikififia, waambie wahudumu. Baada ya hapo utasubiri, wakati mwingine siku kadhaa. Katika siku hizo daktari anachora mipaka ya uvimbe na ya viungo vya kulindwa, naye mwanafizikia anapanga miale na kuhakiki hesabu.

Tiba ikishaanza, usikatishe. Seli za saratani zinazobaki huendelea kuzaliana katika siku unazokosa. Kwa mlango wa kizazi, inashauriwa tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani, ikamilike ndani ya wiki 8. Nauli ikikosekana, ukiugua au mashine ikiharibika, piga simu hospitali siku hiyohiyo na uulize siku hiyo italipwaje. Daktari na mwanafizikia wanaweza kukokotoa jinsi ya kuifidia, lakini usipotoa taarifa hawana cha kukokotoa.

Usishtuke pia jirani yako akiwa alitibiwa wiki tano na wewe ukapangiwa chache. Kwa saratani ya matiti, mpango wa zamani ni Gy 50 kwa vipindi 25. Majaribio ya Uingereza yalithibitisha Gy 40 kwa vipindi 15, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yakaonyesha kwamba, kwa wagonjwa wa hatua za mapema, Gy 26 kwa vipindi 5 inatosha. Hujapunjwa: kila kipindi kinakuwa na dozi kubwa zaidi, na uamuzi hutegemea hali ya mgonjwa na uwezo wa mashine. Kwa mama anayetoka Kigoma kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, tofauti hiyo ni mwezi mzima wa kodi ya chumba na watoto walioachwa nyumbani. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa utafiti wenye faida kubwa kabisa kwa watu wetu.

Kijana anayependa fizikia ana nafasi hapa. Njia ya kawaida ni shahada ya fizikia, kisha uzamili wa fizikia tiba, kisha mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya usimamizi, kama miaka 2. Huko Trieste, Italia, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (ICTP) na chuo kikuu cha mji huo vinaendesha tangu 2014 uzamili wa miaka miwili uliolenga vijana wa nchi zinazoendelea, na mwaka wa pili husomwa hospitalini. Kazi ya utafiti ipo tele: swali la vipindi vichache linatuhusu zaidi sisi wenye mashine chache na safari ndefu, na linahitaji watu wanaoyajua mazingira haya.